Richard Carrington, Mchunguzi wa Jua

Dira ya nahodha

Alfajiri, baada ya usiku usio na mbalamwezi, mashua za wavuvi hurejea Kirumba, katika jiji la Mwanza. Wavuvi wamekesha ziwani wakivua dagaa kwa mwanga wa taa. Ufukweni watu wanawangoja: wengine wamekuja kununua, wengine kuanika, na wengine kupakia magunia ya dagaa wakavu yatakayosafirishwa mbali.

Usiku, katikati ya Ziwa Victoria, hakuna barabara wala kibao cha kuonyesha njia. Nahodha wa meli iendayo Bukoba hawezi kutegemea macho yake tu. Tangu zamani manahodha wametumia dira. Sindano ya dira ni sumaku nyembamba inayozunguka juu ya ncha kali. Uigeuze dira upendavyo, sindano itarudi kuelekea kaskazini na kusini.

Katika masomo ya sumaku tulijifunza sababu yake. Dunia yetu nzima ni kama sumaku kubwa. Eneo linaloizunguka sumaku, ambamo nguvu yake hufanya kazi, huitwa uga wa sumaku. Sindano ya dira hujipanga kwa kuufuata uga wa sumaku wa Dunia.

Je, sindano hiyo hutulia kabisa? Kwa macho yetu, ndiyo. Lakini vyombo vyepesi vya kupimia vinaonyesha kwamba sindano ya sumaku husogea kidogo sana kila siku. Tena ziko siku chache ambapo uga wa sumaku wa Dunia nzima hutikisika kwa saa nyingi, pengine kwa siku mbili au tatu. Mtikisiko huo huitwa dhoruba ya sumaku. Dhoruba hii haina upepo, mvua wala radi. Mtu aliyesimama ufukweni Kirumba haisikii wala haioni. Hata hivyo inaweza kuharibu mitambo na kuvuruga mawasiliano.

Dhoruba hii hutoka wapi? Mmoja wa watu waliotusaidia kupata jibu ni Richard Carrington. Katika sura hii tutasoma habari za maisha yake na kazi yake.

Utoto na masomo

Richard Christopher Carrington alizaliwa London, Uingereza, tarehe 26 Mei 1826. Baba yake alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha bia. Mzee huyo alitaka mwanawe awe kasisi, kwa hiyo mwaka 1844 Richard alipelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alisikiliza mihadhara juu ya elimu ya nyota, na moyo wake ukavutwa na kazi ya kupima na kuchunguza. Akaamua kuifuata elimu hiyo, na baba yake hakumzuia.

Mwaka 1849 alipata kazi katika kituo cha kuchunguzia nyota cha Chuo Kikuu cha Durham, kaskazini ya Uingereza. Alifanya kazi huko kwa muda wa miaka miwili na zaidi, kisha akaondoka, kwani vyombo vya kituo hicho havikutosha kwa kazi aliyokusudia. Kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa na mali, alijenga nyumba na kituo chake mwenyewe mahali paitwapo Redhill, kusini ya London.

Kazi yake ya kwanza Redhill ilikuwa kupima mahali pa nyota zilizo karibu na ncha ya kaskazini ya anga. Alipima nyota 3,735, moja baada ya moja, usiku baada ya usiku. Orodha yake ilitolewa mwaka 1857, na mwaka 1859 chama cha wataalamu wa elimu ya nyota cha Uingereza kilimpa nishani ya dhahabu.

Kazi ya mchana

Nyota huonekana usiku. Je, mchana mchunguzi wa nyota afanye nini? Carrington aliamua kuichunguza nyota iliyo karibu nasi kuliko zote, yaani Jua.

Juu ya uso wa Jua huonekana madoa meusi. Si meusi kweli. Uso wa Jua una joto la kadiri ya nyuzi 5,500 za Selsiasi, na madoa yana joto la chini ya hapo, kadiri ya nyuzi 3,500 hadi 4,000. Kwa kuwa ni baridi kuliko sehemu zilizo kando yake, huonekana kama meusi. Baadhi ya madoa ni makubwa kuliko Dunia yetu.

Miaka michache kabla ya hapo, Mjerumani aitwaye Heinrich Schwabe, aliyekuwa mwuza dawa, alikuwa ameyahesabu madoa hayo kwa miaka mingi. Aligundua kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa zamu. Siku hizi tunajua kwamba zamu moja huchukua kadiri ya miaka 11. Mwaka 1852 Edward Sabine alionyesha kwamba katika miaka ya madoa mengi, dhoruba za sumaku nazo huwa nyingi. Lakini hakuna aliyejua ni kwa namna gani Jua, lililo mbali kiasi hicho, linaweza kugusa sindano ya sumaku hapa duniani.

Carrington alianza kuchunguza madoa mwezi Novemba 1853. Alikusudia kuendelea mpaka zamu nzima ya madoa ipite.

Hakutazama Jua kwa jicho ndani ya darubini. Mtu akifanya hivyo hupofuka. Aliuacha mwanga wa Jua upite katika darubini na kuangukia kioo kilichopakwa rangi. Juu ya kioo hicho picha ya Jua ilitokea, yenye upana wa sentimeta 28 hivi. Naye alichora kila doa mahali pake na kuandika saa. Kila siku isiyo na mawingu alifanya vivyo hivyo.

Kazi hii haina sifa machoni pa watu. Siku moja inafanana na nyingine, na mchoro wa leo unafanana na wa jana. Lakini michoro ilipokuwa mingi, ilianza kusema. Carrington aliona kwamba madoa yaliyo karibu na ikweta ya Jua huzunguka kwa siku 25 hivi, na yale yaliyo mbali na ikweta huchukua siku nyingi zaidi. Kitu kigumu kama jiwe au mpira hakiwezi kuzunguka namna hiyo, kwa maana sehemu zake zote huenda pamoja. Basi uso wa Jua si mgumu.

Mwaka 1858 baba yake alifariki. Carrington ikambidi akisimamie kiwanda. Sasa alikuwa na kazi mbili. Kiwanda kilimtaka mchana, na Jua nalo huonekana mchana. Alijitahidi kuzifanya zote mbili.

Katika mwaka huo huo, mwezi Agosti, Mwingereza John Speke alifika sehemu za Mwanza na kuliona ziwa kubwa, ambalo wenyeji walikuwa wakilivua samaki tangu kale na kuliita Nyanza. Speke ndiye aliyelipa jina la Victoria.

Asubuhi ya tarehe 1 Septemba 1859

Alhamisi, tarehe 1 Septemba 1859, ilikuwa siku ya anga safi. Carrington alikuwa kituoni kwake akichora kundi kubwa la madoa. Saa 5 na dakika 18 asubuhi, kwa saa ya Uingereza, aliona jambo ambalo hakupata kuliona kamwe. Mianga miwili mieupe, mikali sana, ilitokea ghafula juu ya kundi lile la madoa.

Kwanza alidhani kwamba mwanga wa Jua umepenya kupitia tundu fulani la chombo chake. Akakisogeza chombo. Mianga ilibaki pale pale juu ya madoa. Ndipo alipotambua kwamba inatoka katika Jua lenyewe. Aliandika saa, kisha akakimbia kutafuta mtu wa kuja kushuhudia pamoja naye. Aliporudi, kabla ya dakika moja kupita, mianga ilikuwa imekwisha kufifia. Saa 5 na dakika 23 ilitoweka kabisa. Jambo zima lilichukua dakika 5.

Carrington aliyakagua madoa tena. Hayakuwa yamebadilika hata kidogo, na mchoro wake ulikuwa sawa kama alivyouchora. Kwa bahati njema, Mwingereza mwingine aitwaye Richard Hodgson, akiwa mahali pengine kabisa, naye aliiona mianga hiyo kwa darubini yake saa ile ile. Ushahidi wa watu wawili ambao hawakuwa pamoja una nguvu kuliko ushahidi wa mtu mmoja.

Kwa saa tunazotumia sasa Mwanza, wakati ule ulikuwa saa 8 na dakika 18 mchana. Mwanga huchukua dakika 8 na sekunde 20 hivi kusafiri kutoka kwenye Jua hadi duniani. Basi mlipuko wenyewe ulikuwa umetokea dakika 8 kabla Carrington hajauona.

Usiku ulioangaza

Kesho yake, kabla ya mapambazuko ya Uingereza, saa 17 na nusu hivi tangu mlipuko, dhoruba ya sumaku kubwa kuliko zote zilizopata kupimwa mpaka wakati ule ilianza.

Mbingu ziliwaka rangi nyekundu, kijani na nyeupe. Watu wa nchi za kaskazini ya mbali huiona mianga ya namna hiyo mara kwa mara. Lakini safari hii ilionekana hata Kuba na Hawaii, nchi za joto ambazo wakazi wake hawakuizoea. Kaskazini-mashariki ya Marekani watu waliweza kusoma gazeti usiku kwa mwanga wake.

Wakati ule habari za haraka zilipelekwa kwa telegrafu, yaani mtambo uliotumia nyaya ndefu na umeme wa betri. Dhoruba iliingiza umeme katika nyaya hizo. Cheche ziliruka kutoka kwenye mitambo, na mahali pengine karatasi zilishika moto. Kati ya miji ya Boston na Portland, huko Marekani, wafanyakazi waliziondoa betri zao, wakaendelea kupelekeana habari kwa muda wa saa 2 hivi, wakitumia umeme wa dhoruba peke yake.

Umeme huo uliingiaje? Mmejifunza kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya, umeme hupita katika waya. Jambo kama hilo ndilo lililotokea. Uga wa sumaku wa Dunia ulitikisika, na nyaya za telegrafu zilikuwa zimetandazwa ndani ya uga huo. Waya ukiwa mrefu, umeme unaoingia huwa mwingi.

Carrington alijizuia

Siku chache baadaye Carrington alikwenda Kew, karibu na London. Huko kulikuwa na sumaku zilizoning'inizwa. Kila moja ilikuwa na kioo kidogo kilichorudisha mwanga juu ya karatasi ya picha. Sumaku ikitikisika, mwanga nao ulisogea, na mstari ukajichora karatasini usiku na mchana bila ya mtu kuugusa.

Carrington alionyeshwa karatasi za siku zile. Saa ile ile alipoiona mianga juu ya Jua, mstari ulikuwa umeruka kidogo. Na saa 17 na nusu baadaye ulianza kwenda huku na huku kwa nguvu nyingi.

Sasa jiweke mahali pake. Ameona jambo ambalo halijapata kuandikwa na mtu yeyote. Ameona pia karatasi inayoonyesha kwamba Dunia ilitikisika muda mfupi baadaye. Angeweza kutangaza mara moja kwamba ameigundua sababu ya dhoruba za sumaku. Jina lake lingeenea katika kila gazeti.

Hakufanya hivyo. Mwezi Novemba 1859 alisimama mbele ya wataalamu wenzake, akawaonyesha mchoro wake na karatasi za Kew. Aliwaeleza yale aliyoyaona, wala hakuongeza neno. Kisha akawatahadharisha kwamba tukio moja halitoshi kuthibitisha jambo. Huenda mambo mawili yakafuatana kwa bahati tu. Jogoo huwika na jua hutoka, lakini si jogoo anayelitoa jua.

Je, alikosea kwa kujizuia? Tukijua leo kwamba mlipuko ule ndio ulioleta dhoruba, tunaweza kudhani kwamba alikuwa na woga. Lakini hebu tusome habari za ziwa letu, ndipo tutoe hukumu.

Ziwa lililowakanusha watu

Tangu mwaka 1896 vipimo vya kina cha Ziwa Victoria vimeandikwa katika bandari zake. Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa, alilinganisha vipimo vya ziwa na hesabu ya madoa ya Jua. Alichokiona kilimshangaza. Karibu na mwaka 1906 madoa yalikuwa mengi, na maji ya ziwa yalikuwa juu. Madoa yalipopungua, maji nayo yalishuka. Mwaka 1917 madoa yaliongezeka tena, na ziwa likapanda tena. Mistari miwili ilikwenda pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe.

Watu wengi waliamini kwamba sasa wamepata njia ya kutabiri kina cha ziwa. Fikiri faida yake. Mvuvi angejua mahali salama pa kuweka mashua yake, mkulima angejua mahali pa kulima mpunga, na wajenzi wangejua pa kujenga gati.

Lakini mwisho wa miaka ya 1920 ulipofika, mistari ile iliachana. Madoa yalifuata njia yake na ziwa likafuata njia yake. Kisha, kuanzia mwishoni mwa mwaka 1961, mvua kubwa mno zilinyesha katika Afrika Mashariki. Maji ya ziwa yalipanda kwa zaidi ya meta 2, yakafurika mashamba, nyumba na magati. Yalifikia kilele chake mwaka 1964. Mwaka huo madoa ya Jua hayakuwa mengi. Yalikuwa yamepungua kabisa, kwa kuwa zamu ya madoa ilikuwa imefika mwisho wake.

Mtu aliyejenga karibu na maji kwa kutegemea madoa ya Jua angepoteza nyumba yake. Mistari miwili kwenda pamoja kwa zamu mbili tu hakukutosha kuwa ushahidi. Hii ndiyo hatari aliyoiepuka Carrington. Dhana yake juu ya sumaku ilikuwa ya kweli, na dhana ya watu juu ya ziwa haikuwa ya kweli. Lakini siku ya kwanza dhana zote mbili zilifanana. Kilichozitenganisha ni vipimo vilivyoendelea kuandikwa mwaka baada ya mwaka.

Mwisho wa maisha yake

Carrington hakuimaliza kazi aliyoikusudia. Shughuli za kiwanda zilimlemea, na mwezi Machi 1861 ikambidi aache kuchunguza madoa. Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 7. Zamu nzima ya madoa ilikuwa bado haijapita. Hata hivyo hakuyatupa aliyokuwa nayo. Mwaka 1863 alitoa kitabu kikubwa chenye vipimo 5,290 vya makundi 954 ya madoa.

Mwaka 1865 aliugua sana. Alikiuza kiwanda, akahamia mahali paitwapo Churt na kujenga kituo kingine juu ya kilima. Hakupata tena nguvu za zamani. Alifariki tarehe 27 Novemba 1875, akiwa na umri wa miaka 49.

Alipofariki, swali lake lilikuwa bado halijajibiwa. Mwaka 1892 Lord Kelvin, mmoja wa wanasayansi wenye sifa kubwa wa Uingereza, alikataa kwamba Jua linaweza kuleta dhoruba za sumaku. Baada yake, Kristian Birkeland wa Norwei alifundisha kwamba chembe ndogo sana zenye umeme hutoka katika Jua na kufika duniani. Mwaka 1962 chombo cha Marekani kilichopelekwa anga za juu kilizipima chembe hizo zikipita angani. Hapo ilikuwa imepita miaka 103 tangu asubuhi ile ya Redhill.

Tunayojua leo

Siku hizi tunajua yafuatayo. Madoa ya Jua ni mahali penye uga wa sumaku wenye nguvu nyingi. Mara nyingine nguvu hiyo hufunguka ghafula. Mwanga mkali hutokea, na pamoja nao wingu kubwa la chembe zenye umeme hurushwa angani. Mwanga hufika duniani kwa dakika 8. Wingu huenda polepole zaidi, na kwa kawaida huchukua siku moja hadi nne. Wingu la mwaka 1859 lilienda kasi ya ajabu, kwani umbali wa kilometa milioni 150 lililipita kwa saa 17 na nusu.

Si kila wingu huja upande wetu. Likija na kuugonga uga wa sumaku wa Dunia, dhoruba hutokea. Uga huo ni kama ngao. Hutikisika, lakini hutukinga sisi na viumbe vingine, hata mwili wa mtu aliye ardhini haudhuriki. Vinavyodhurika ni vyombo vyetu.

Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku ilizima umeme katika jimbo la Quebec, nchini Kanada. Watu milioni 6 walikaa bila umeme kwa saa 9 hivi. Mwezi Mei 2024 dhoruba kubwa ilivuruga vyombo vya kuonyesha njia kwa setilaiti, na nchini Marekani wakulima wengine walilazimika kusimamisha matrekta yao wakati wa kupanda.

Sisi tunaokaa karibu na ikweta hatuko nje ya habari hii. Juu ya sehemu za ikweta ya sumaku, ambayo hupita Ethiopia, mkondo mkubwa wa umeme hupita hewani wakati wa mchana, kimo cha kilometa 100 hivi kutoka ardhini. Addis Ababa kuna kituo kilichoanza kupima uga wa sumaku mwaka 1958. Wakati wa dhoruba, tabaka za juu za hewa huvurugika, na mawimbi ya redio na ya setilaiti hupita kwa shida. Nahodha anayeongozwa na setilaiti ziwani Victoria anaweza kuonyeshwa mahali pasipo sahihi. Ndiyo sababu nahodha mwenye busara haitupi dira yake ya zamani. Katika sehemu zetu, hata wakati wa dhoruba, sindano ya dira husogea kidogo mno kiasi kwamba jicho halioni.

Jaribio

Fanyeni kazi kama ya Carrington kwa muda wa mwezi mmoja.

1. Pamoja na mwalimu, chagueni nguzo iliyosimama majini kando ya gati, au ukingo wa bwawa, mto au kisima kilicho karibu na shule yenu. Wekeni alama kwa kila sentimeta 5.
2. Kila siku, saa ile ile, someni kina cha maji na kukiandika pamoja na tarehe. Someni mkiwa nchi kavu. Msiingie majini, kwa sababu maji ya ukingoni huweza kuwa na kichocho.
3. Andikeni pia kama mvua ilinyesha au haikunyesha.
4. Siku ambayo hamkupima, acheni nafasi wazi. Msiandike namba ya kubuni.
5. Mwisho wa mwezi, choreni mistari miwili, mmoja wa kina na mmoja wa mvua. Je, inakwenda pamoja? Je, mwezi mmoja unatosha kutoa jibu?

Onyo: Usitazame Jua kwa macho matupu, wala kwa darubini, wala kwa kioo cha rangi. Utapofuka.

Maswali

1. Dhoruba ya sumaku ni nini? Ina tofauti gani na dhoruba ya ziwani?
2. Kwa nini Carrington hakutazama Jua moja kwa moja katika darubini?
3. Madoa ya Jua yalimwonyeshaje Carrington kwamba uso wa Jua si mgumu?
4. Wafanyakazi wa telegrafu waliwezaje kupelekeana habari bila betri?
5. Kwa nini ushahidi wa Hodgson ulikuwa na thamani?
6. Brooks aliona nini mwaka 1923? Ni jambo gani la miaka ya 1961 hadi 1964 lililoonyesha kwamba ziwa haliyafuati madoa ya Jua?
7. Rafiki yako anasema kwamba kila avaapo shati jekundundu timu yake hushinda katika uwanja wa Kirumba. Amekwisha kuona hivyo mara mbili. Ungemwambia afanye nini kabla ya kuamini?